Kamba Lazima Ife Kwanza

Nilifika Kasulu juu ya lori la mabati, siku ya sita tangu niondoke Singida, na wala sikuwa nakwenda Kasulu. Nilikuwa nakwenda Kigoma mjini kuona ziwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeshachimba Geita, nimeshakata tumbaku Urambo, nimeshapakia marobota ya pamba Kahama, na kila mahali nilikaa mpaka mbwa wa jirani waliponizoea, kisha nikaondoka. Cheti changu cha kidato cha nne nilikibeba kwenye mfuko wa nailoni. Daraja lake lilikuwa la aina ambayo mtu haonyeshi mpaka aulizwe mara mbili.

Baada ya Nyakanazi barabara ilikuwa tope jekundu na msitu. Siku hizo njia ile ilikuwa na majambazi, kwa hiyo tulipandiwa na askari wawili wenye bunduki. Mmoja alilala njia nzima, kichwa begani mwangu, mtutu ukiangalia kidevu changu. Nilijipa moyo kwamba askari anayelala anajua jambo nisilolijua. Tulipofika Kibondo lori likavunja ekseli, tukakaa siku tatu tukisubiri nyingine itoke Kahama. Mvua haikukatika. Nililala chini ya lori pamoja na utingo aliyekuwa akikohoa, nikawaza kurudi, lakini hata kurudi kulihitaji lori.

Siku ya tatu mfanyabiashara mmoja wa asali alinijia na kifurushi cha majani makavu ya mgomba.

"Kijana, unashuka Kasulu?"

"Napita tu, mzee."

"Basi pita na hii. Mpelekee Masudi, nyuma ya duka la misumari. Ni nta. Mwambie haina mafuta ya ng'ombe ndani. Akikubishia, mwambie aichome."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kamba ndogo za meli, nikiwa mbeba nta. Bwana Masudi alikuwa mtu wa Pangani, mnene, mwenye vidole vyembamba ambavyo havikufanana na mwili wake. Alikata kipande cha nta, akakichoma kwenye koroboi, akanusa moshi. Kisha, badala ya kunilipa nauli yangu, akanishika mkono na kuniminya ncha za vidole, moja moja, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mikono yako inatoka jasho?"

"Hapana."

"Umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Hiyo sikuiulizia sana. Kaa wiki moja."

Nilikaa miaka ishirini na miwili. Ziwa nililiona mwaka wa tatu, siku moja, nikaona ni maji.

Neema na wenzako mnaobaki pale barazani, mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nyinyi mnaijua, lakini haya huenda yakasomwa na wasioijua, kwa hiyo nitaeleza. Karakana yetu inatengeneza meli za matanga za zamani, zile za milingoti mitatu, kwa ukubwa wa kuwekwa mezani. Anazichukua wakala wa Dar es Salaam na kuzipeleka kwa watu wa mbali wenye nyumba kubwa na muda mwingi. Watu huuliza kwa nini meli zitengenezwe huku milimani, mbali na bahari. Jibu ni kwamba Bwana Masudi alioa Kasulu na mkewe akakataa kuhama. Bodi la meli hutengenezwa na seremala. Kazi yetu sisi ni kamba. Meli moja hula mamia ya mita, na kila kamba lazima iwe kamba kweli, nyuzi tatu zilizosokotwa, isipokuwa nyembamba kiasi kwamba nene kuliko zote inapita kwenye tundu la sindano ya magunia. Uzi wa kushonea haufai. Ukiuweka kwenye meli ndogo unaonekana ni uzi, na meli yote inakuwa mchezo wa watoto.

Siku zangu za kwanza nilishika uzi wa kitani na moto, basi. Uzi una manyoya ambayo jicho halioni. Ukiyaacha, kamba inakuwa kama kiwavi. Unaupitisha juu ya mwali wa koroboi kwa mwendo mmoja, haraka usiunguze, taratibu usiache nywele. Wiki ya kwanza niliunguza karibu kila nilichoshika, pamoja na nyusi zangu. Baada ya moto, nta ya Kibondo. Baada ya nta, rangi: kamba zinazoshikilia milingoti tulizitia rangi nyeusi ya viatu iliyoyeyushwa, na zile za kuvutia matanga tulizichovya kwenye chai ya rangi iliyochemka sana. Bwana Masudi alitukataza kuinywa chai ile. Nilimwona mwenyewe akiinywa.

Mashine zilikuwa mbili, nazo mnazijua. Alizitengeneza baba yake Bwana Masudi huko Pangani kwa gia za saa za ukutani: ubao wenye kulabu tatu na mkono wa kuzungushia, na upande wa pili, hatua ishirini toka hapo, kigari chenye kulabu moja. Katikati hukaa kitu tunachokiita pia, kile kipande cha pembe ya ng'ombe chenye mifereji mitatu, ambacho huzuia nyuzi zisikutane kabla ya wakati wake. Unazungusha, nyuzi zinajikunja, kamba inafupika, kigari kinatambaa kukufuata. Ukisikia uzi unalia, umezidisha. Aliyenifundisha kusikia kilio hicho ni Konsolata.

Jina hilo mnalitumia kila siku. Subirini kidogo.

Konsolata alikuwa mwanamke wa Kirundi aliyekaa kambi ya Mtabila tangu akiwa msichana. Alikuja mjini kwa kibali cha siku, kuuza vikapu vidogo vyenye mifuniko, na Bwana Masudi aliponunua kimoja hakukitazama kikapu, alitazama mwanzo wa ukindu mahali ulipounganishwa, akakuta hauonekani. Toka siku hiyo Konsolata akawa anakuja kila alipopata kibali. Nilipofika mimi alikuwa na miaka miwili pale. Alinizidi umri kidogo, mrefu, mkavu, mwenye kovu dogo la kuungua kwenye kidole gumba. Alikuwa haongei sana, na akiongea anacheka kwanza.

"Eliya, unazungusha kama unachota maji kisimani. Nani anakufukuza?"

"Kazi iishe, dada."

"Oya! Kazi haiishi. Wewe ndiye utaisha. Buhoro, buhoro." Oya kwao ni hapana, na buhoro ni polepole.

Alinikalisha na kunifunga macho kwa kitambaa cha kichwa chake, nisokote kwa kusikia. Siku ya kwanza nilikata nyuzi kumi na mbili. Bwana Masudi alipita akatuona, akasema, "Huyu Mnyiramba hata akifunguliwa macho haoni, umemfungia nini?" Lakini mwezi ulipoisha nilikuwa nasikia. Uzi uliofika mwisho wake hutoa sauti kama mbu aliye chumba cha pili.

Yapo mambo mengi aliyoyafanya ambayo sijaona mtu mwingine akiyafanya. Nitaandika moja. Wakala alileta oda ya meli ya urefu wa kiganja. Uzi wa kitani, hata mmoja mmoja, ulikuwa mnene mno. Tulijaribu wiki tatu. Konsolata akauliza kama mke wa Bwana Masudi ana kitu cha hariri. Alikuwa nacho, mtandio wa harusi yake. Bwana Masudi aliuleta barazani umefichwa ndani ya gazeti, Konsolata akaufumua ukingo wake kwa sindano, akasokota kamba ambayo ukiiweka kwenye sahani nyeupe lazima uitafute. Meli ilipendwa. Mke wa Bwana Masudi hakusema na mumewe mwezi mzima, akimtumia ujumbe kupitia kwetu: "Mwambieni huyo fundi wenu chakula kimepoa."

Sasa nifike kwenye kufa kwa kamba, maana ndiko nilikokosea.

Kamba ikitoka kwenye mashine bado ina hasira. Imekunjwa kwa nguvu nayo inataka kufunguka. Kwa hiyo tunaitundika kwenye boriti la baraza, tunaifunga jiwe chini, na kila jiwe lina alama ya rangi upande mmoja. Asubuhi unatazama alama imeelekea wapi. Jioni unatazama tena. Jiwe likigeuka, kamba ingali hai. Siku jiwe litakapokaa mahali pamoja asubuhi na jioni, mara mbili mfululizo, kamba imekufa, unaweza kuikata. Kiangazi huchukua siku nne. Masika, ukungu unapokaa mpaka saa tano, hata siku kumi. Hakuna njia ya mkato. Nilishajaribu kuibanika kwa moshi, ikanuka samaki. Kamba iliyokatwa kabla haijafa inaendelea kujikunja ikiwa juu ya meli, kidogo kidogo, bila mtu kuona, mpaka inavuta mlingoti.

Kila mmoja wetu alikuwa na msumari wake ukutani wa kutundika kamba zilizokwisha kufa. Wangu ulikuwa karibu na mlango. Wa Konsolata ulikuwa chini ya dirisha. Majina hatukuandika. Tulikuwa wachache, tukaona hakuna haja.

Mwaka ambao kambi ya Mtabila ilikuwa inafungwa, tulikuwa na oda ya meli kubwa kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Kambini watu walikuwa wanaandikishwa kurudi kwao. Konsolata alikuwa anakuja na uso wa mtu asiyelala. Wazazi wake walishakufa, na shamba la baba yake, kwa habari alizopata, lilikuwa na watu wengine juu yake kwa miaka mingi. Alikuwa anarudi kwenye nchi aliyoiacha akiwa na miaka kumi na mitano, na hakuna mlango uliokuwa unamngoja.

Mchana mmoja Bwana Masudi alisimama barazani akasema mbele yetu sote: "Konsolata, meli hii ikikubaliwa, mashine ya dirishani ni yako. Utaondoka nayo."

Konsolata hakucheka kwanza, kama ilivyokuwa kawaida yake. Aliinuka, akafungua kitenge alichojitanda, akaifunga mashine ndani, akaijaribu mgongoni kama mtoto. Akatembea nayo mpaka mwisho wa baraza na kurudi.

"Inabebeka," akasema.

Baadaye, tukila viazi, alinieleza alivyopanga. Mjini kwao alisikia kuna watu wanaosuka vitu vya kuuzia wageni. Akiwa na mashine atasokota kamba za mapambo, za vikapu, za chochote, na wakala akitaka kamba za meli zitapita mpakani Manyovu na madereva. "Mtu mwenye mashine hata asipokuwa na shamba anaweza kupanga chumba," alisema. Hakuwa na mpango wa pili. Nilimuuliza, akasema mpango wa pili ni wa watu wenye ndugu.

Zilibaki kamba za mlingoti wa juu kabisa, nane, nyembamba, nyeusi. Zilikuwa zake kwa mgao. Ndipo akaitwa kambini kwa uandikishaji, akakaa huko zaidi ya wiki bila kibali cha kutoka. Bwana Masudi akanipa mimi nizisokote. Nilizisokota vizuri, hilo nalisema bila aibu. Nikazitundika. Ilikuwa masika katikati, ukungu umelala hadi mlangoni. Siku ya nne mawe yangali yanageuka, si sana, kidogo, kama mtu anayegeuza shingo kuangalia nani ameingia.

Siku hiyohiyo dereva wa lori la asali aliniambia anakwenda Kibondo kesho alfajiri, na nta yetu ilikuwa imebaki kidogo. Safari za nta nilizifanya mimi. Ningeweza kungoja lori la wiki inayofuata. Lakini nilikuwa nimekaa barazani pale miezi mitano bila kutoka, na ninyi mnanijua, nikisikia injini inanguruma miguu yangu inaanza kuwasha. Nilitaka barabara. Nilitaka kulala kwenye nyumba ya wageni ya Kibondo nisikie watu nisiowajua wakigombana chumba cha pili. Hakukuwa na sababu kubwa kuliko hiyo. Nikazikata zile kamba nane. Msumari wangu ulikuwa umejaa, nikazitundika kwenye msumari wa Konsolata, nikaondoka.

Nilirudi baada ya siku tano. Bwana Masudi alikuwa ameshazifunga kamba kwenye meli, ameiweka meli kwenye kabati la kioo, na Konsolata amerudi kutoka kambini, na wote walikuwa na furaha. Nilitazama mlingoti wa juu. Ulikuwa umesimama wima. Nikajiambia pengine zilikuwa zimekufa, ni macho yangu tu.

Wakala alikuja wiki ya pili. Bwana Masudi akaondoa kitambaa juu ya kabati. Mlingoti wa juu ulikuwa umeinama kushoto, kama mtu anayesikiliza maneno ya nyumba ya pili, na kamba mbili zilikuwa zimejikunja mpaka zikafanya vifundo. Wakala alitazama, akarudi nyuma hatua moja, akatazama tena. Hakupaza sauti. Alisema tu mteja wake hawezi kupokea meli iliyolewa, na safari ya mzigo haingoji. Akaondoka na chai hajaimaliza.

Bwana Masudi alifungua kabati, akakata kamba moja, akaja nayo kwetu.

"Za juu nani kazikata?"

Konsolata aliipokea. Akaiweka kiganjani, ikajikunja yenyewe ikawa umbo la tarakimu nane.

"Hii si yangu, Mzee."

"Nilizitoa kwenye msumari wako."

Ndipo aliponitazama mimi. Hakuninyooshea kidole. Alisema, "Eliya?" kwa sauti ileile aliyotumia kuniuliza kama nimeona mkasi.

Nikasema, "Mimi nilikuwa Kibondo, Mzee."

Ni kweli nilikuwa Kibondo. Nilileta nta, kila mtu aliiona. Nilisema neno la kweli ili lifanye kazi ya uongo, na lilifanya.

Bwana Masudi alizirusha zile kamba sakafuni. "Mawe nimewawekea ya nini? Ya kupigia ndege? Mtu anaona anaondoka, basi anafanya kazi ya kuondoka!" Konsolata alijibu kwa Kirundi, maneno machache, kisha kwa Kiswahili: "Mimi nilikuwa naandikishwa. Uliza kambini." Lakini Bwana Masudi alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango. Mashine ya dirishani ilibaki dirishani.

Alikuja mara moja tu baada ya hapo, kuchukua kigoda chake. Nilikuwa peke yangu barazani. Alikaa juu ya kigoda kile badala ya kukibeba, akanitazama nikisokota.

"Unajua kwamba kule sina shamba."

"Najua, dada."

"Nilikuwa na hiyo tu." Alielekeza midomo yake kwenye mashine, kama wanavyoelekeza watu wa huko.

"Pole, dada Konsolata. Nisamehe."

"Oya. Mimi usiniambie. Mwambie yeye."

"Nitamwambia kesho, akitoka msikitini. Leo ana hasira."

"Kesho mimi niko kwenye lori, Eliya."

Niliendelea kuzungusha ule mkono wa mashine. Sijui kwa nini sikuacha. Yeye aliinuka, akaweka kigoda kichwani, na alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, "Unazidisha. Uzi unalia." Kisha akaenda. Sikumwambia Bwana Masudi kesho yake, wala keshokutwa. Baadaye nikajiambia malori yameshavuka, kusema kutamsaidia nani.

Miezi iliyofuata nilipanda gari mpaka Manyovu. Niliwauliza wabadilisha fedha, wale wanaokaa na maburungutu ya noti mapajani, kama wanaweza kumpata mwanamke aitwaye Konsolata aliyetoka Mtabila. Mmoja akaniuliza, "Wa mlima gani?" Kwao mtu hutafutwa kwa jina la mlima aliozaliwa. Nikasema sijui. "Jina la baba?" Sijui. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kaka, huyo umempotezea mbali." Nilikaa naye baraza moja miaka tisa, nikijua anavyopaka nta na anavyocheka, na sikuwahi kumuuliza mlima wake. Nilirudi Kasulu kwa gari la jioni.

Na jina likabaki. Bwana Masudi ndiye aliyeanza, kwa hasira. Kamba ikijikunja kiganjani alisema, "Konsolata hii, irudishe." Wanafunzi wapya walipokuja hawakujua kama ni mtu. Wakadhani ni neno la kazi, kama pia, kama kigari. Nami niliwafundisha hivyo. Neema, siku yako ya pili uliniuliza kamba isiyokufa inaitwaje, nikakujibu. Nakumbuka nilivyokujibu, kwa sauti ya mwalimu. Nimelisema jina lile mara nyingi kuliko nilivyolisema akiwapo.

Miaka hiyo ya baadaye haina mengi. Tulitengeneza meli nyingi. Mlingoti haukuinama tena, kwa sababu nilikuwa mkali wa mawe kuliko Bwana Masudi mwenyewe; mliniita Jiwe, nikajifanya sisikii. Malori yalipita, barabara ikawekwa lami vipande vipande, miguu ikawasha, na sikuondoka. Watu walisema nimetulia. Kisha macho yakaanza. Kioo cha fundi saa nilichokuwa nakivaa jicho moja kilinisaidia miaka michache, halafu nyuzi tatu zikaanza kuonekana nne. Ncha za vidole zilipasuka kwa nta na moto, zikawa hazisikii. Nina miaka arobaini na sita. Kazi hii haina cheti cha kustaafu, mtu anajua mwenyewe siku anaposhindwa kuona alama kwenye jiwe.

Nilikwenda kumuaga Bwana Masudi. Sukari imemla miguu, anakaa kitini uani siku nzima. Alikuwa anamenya chungwa alilokatazwa na daktari. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanitoka yote kwa pamoja.

"Mzee, zile kamba za juu za meli ile, alizolaumiwa Konsolata, zilikuwa zangu. Nilizikata hazijafa."

Hakuacha kumenya. "Najua."

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia.

"Eliya, najua. Nilijua siku ileile. Konsolata nta alikuwa anapaka mara mbili, zile zilipakwa mara moja. Kamba zake nazijua gizani. Na wiki ile yeye alikuwa kambini, mimi ndiye niliyekupa kazi. Umenionaje?"

"Sasa kwa nini ulimwacha aondoke hivi hivi?"

"Alikuwa anaondoka kwa vyovyote. Nikikufukuza wewe nabaki na nani? Mashine nikimpa nabaki na moja, na oda nimeshaikosa."

"Uliahidi mbele yetu."

"Niliahidi, meli ikikubaliwa. Ilikubaliwa?" Alitema mbegu. "Tena sikiliza, mwanangu. Wewe mguu wako haukai. Lori likipita unanyoosha shingo kama twiga. Nilikuwa najua utaniacha mwaka ule au unaofuata. Uliponyamaza siku ile, nikasema, huyu sasa nimempata. Mtu akinyamaza namna hiyo hana pa kwenda."

Akanipa nusu ya chungwa. Nikaila, kwa sababu nilikuwa nimeshaipokea.

Nilipanga kuondoka mwisho wa mwezi. Niliondoka siku ya tatu baada ya chungwa lile. Gari la Kibondo lilikuja kunichukua pale barabarani mbele ya duka, na nilipita barazani na mfuko wangu kuwaaga. Mlikuwa wanne. Neema ulikuwa umeshika kamba mpya kiganjani, ukanikimbilia nayo.

"Fundi, njoo uione kabla hujaenda. Konsolata hii, imekataa kufa kabisa!"

Nikaweka mfuko chini. "Neema, usiiite hivyo tena. Konsolata alikuwa mtu. Na yule aliyekata kamba zikiwa hai hakuwa yeye, nilikuwa mimi."

Ukanitazama, ukawatazama wenzako, ukaanza kucheka. "Basi tuiite nani, Fundi? Tuiite Eliya?"

"Iiteni Eliya."

"Haya jamani, Eliya hii! Rudisheni Eliya kwenye jiwe!"

Mkacheka wote, hata yule asiyecheka. Nikasema tena kwamba ni kweli, kwamba mashine ya dirishani ilikuwa yake, lakini dereva alikuwa anapiga honi na mmoja wenu alishachukua mfuko wangu kuupeleka garini. Neema, ulinishika mkono kwa mikono miwili, ukapiga goti kidogo, macho yamejaa machozi na mdomo bado unacheka, ukasema, "Fundi, umetuchekesha mpaka siku ya mwisho."

Nikapanda gari.